Mtandao wa majaribio wa Besu, nodi 4: umeme ukirudi bloku hazisogei. Nani ana jibu?

#1 Mzabibu_Mkavu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Tuna mtandao mdogo wa blokucheni hapa Nzuguni, Dodoma, wa majaribio tu, kwa ajili ya kutengeneza mfano wa mfumo wa stakabadhi za ghala (alizeti na ufuta). Hakuna sarafu inayouzwa, kwa hiyo wa bei ya Bitcoin wapite kushoto.

Mpangilio wenyewe: Besu (programu ya nodi za Ethereum) kwa makubaliano ya QBFT (bloku haipiti mpaka ipigiwe kura), wathibitishaji 4 (nodi zinazopiga kura hizo). Deskitopu 2 za mtumba na laptopu 2, zote RAM GB 8, Ubuntu, zimeungwa kwa waya kwenye ruta moja. Kwenye genesis.json (faili la mipangilio ya kuanzisha mnyororo) tumeweka blockperiodseconds 2, epochlength 30000, requesttimeoutseconds 4. Java tumeibana kwa BESU_OPTS="-Xmx1g".

Umeme ukikatika, deskitopu na ruta vinazima, laptopu zinabaki kwa betri. Ukirudi, systemd inaiwasha Besu yenyewe, net_peerCount inajibu 0x3, yaani wenzake watatu wote wanaonekana. Lakini eth_blockNumber (namba ya bloku ya mwisho) imeganda pale pale. Kuna siku inaamka yenyewe baada ya muda, kuna siku haiamki mpaka tuzime zote nne. Logi hazina kosa lolote la maana.

Dai langu: ni hitilafu ya Besu yenyewe. Anayepinga alete ushahidi.

#2 Jirani_wa_Ihumwa

Nodi nne za nini, na mkataba janja (programu ya kukaa kwenye mnyororo) wenyewe bado unaandikwa? Andika `anvil` (mtandao wa majaribio wa mashine moja), bonyeza enta, una mtandao, una akaunti 20 zenye ETH 10,000 kila moja. Mengine ni kupenda taa za swichi.

#3 FundiRaundi

@Mzabibu_Mkavu hitilafu haipo, hiyo ndiyo QBFT inavyofanya kazi. Soma taratibu.

Wathibitishaji 4 wanahitaji sahihi za 3 ili bloku ipite. Umeme ukienda, deskitopu mbili zimekufa, na ruta ikizima hata laptopu mbili hazionani. Kila laptopu inabaki peke yake ikisubiri. Raundi 0, yaani jaribio la kwanza la kupitisha bloku, ikiisha muda (sekunde 4, hiyo ndiyo requesttimeoutseconds yenu) inahamia raundi 1, na muda wa kusubiri unazidishwa mara mbili: 8, 16, 32, 64. Raundi ya 8 ni sekunde 1,024. Ya 10 ni sekunde 4,096, zaidi ya saa nzima.

Umeme unarudi. Deskitopu zinaanza upya raundi 0. Laptopu ziko raundi ya 9 huko. Wote mnaonana kwenye mtandao, ndiyo maana peerCount ni 0x3, lakini kura za raundi 0 na kura za raundi 9 hazijumlishwi pamoja. Deskitopu lazima zipande ngazi zote hadi ziwafikie. Kutoka 0 hadi kuingia raundi ya 9 ni 4+8+16 mpaka 1,024, jumla sekunde 2,044, kama dakika 34. Kwa kifupi, mkikaa gizani nusu saa, mtasubiri karibu nusu saa nyingine baada ya umeme kurudi.

Dawa: `systemctl stop besu` kwenye zote nne, halafu ziwashwe pamoja. Raundi inarudi 0 kwa kila mmoja.

#4 BintiKondoa

@Jirani_wa_Ihumwa anvil inatoa akaunti 10. Zenye 20 ni za Hardhat, zana nyingine ya kuandika mikataba. ETH 10,000 umepatia.

#5 Jirani_wa_Ihumwa

Kumi zinatosha dada, ukoo wenyewe haufiki kumi 😂

#6 Saa_ya_Ukutani

Maelezo ya #3 ni matamu ila yanaruka jambo la kwanza la kukagua: saa. Deskitopu za mtumba, betri ya CMOS (inayotunza saa umeme usipokuwepo) imekufa. Mashine ikinyimwa umeme inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Ruta nayo inachelewa kupata intaneti, kwa hiyo NTP (huduma ya kunyoosha saa kwa intaneti) haijajibu, ila Besu tayari imewaka. Sasa kila bloku inayopendekezwa na laptopu, deskitopu inaiona imetoka siku zijazo, inaikataa. Deskitopu mbili zikikataa, zimebaki kura 2 kati ya 4. Umeganda.

Na ndiyo sababu "wakati mwingine inaamka yenyewe": NTP ikipatikana saa inanyooka.

Kagua kabla ya kuzima chochote:

```
timedatectl
sudo hwclock --show
```

Halafu toa umeme kwenye deskitopu kwa makusudi, uchomoe na waya wa mtandao, iwashe, usome hwclock tena. Ikionesha mwaka wa ajabu, betri ni CR2032, ipo hata kwa mafundi saa pale soko la Majengo.

#7 mkulima_wa_bando

Naona kitu tofauti. Wakati wa giza laptopu mbili zimeendelea kutengeneza bloku zao, umeme ukirudi kuna minyororo miwili, zinagombana ipi ifuatwe. Si ndiyo maana ya kugawanyika mnyororo?

#8 FundiRaundi

@mkulima_wa_bando hapana. Nodi 2 kati ya 4 kwenye QBFT hazitengenezi hata bloku moja. QBFT ikikosa akidi inasimama, haigawanyiki. Kugawanyika ni kwa uthibitisho wa kazi (kama Bitcoin) au Clique (wathibitishaji kupokezana zamu), ambako mmoja anaweza kutoa bloku bila kusubiri wengine.

Na kwa faida ya wote: kuongeza nodi ya tano hakusaidii. Ukiwa na 5 akidi inakuwa 4, bado anaruhusiwa kufa mmoja tu. Ukitaka kuvumilia vifo viwili nenda 7, akidi 5.

#9 Chamwino_Kernel

Kuna la tatu mmelisahau: IP. Ruta ikizima na kuwaka inagawa anwani upya. enode (anwani ya nodi) mliyoandika kwenye static-nodes.json au kwenye bootnodes ina IP ya jana. Wekeni IP za kudumu kwa kufunga MAC (namba ya kadi ya mtandao) kwenye ruta.

#10 Saa_ya_Ukutani

@Chamwino_Kernel kasema peerCount ni 0x3. IP zingehama asingewaona watatu.

#11 Chamwino_Kernel

0x3 kwenye mashine ipi? peerCount ni ya nodi unayoiuliza, si ya mtandao mzima. Aulize zote nne, na atumie `admin_peers` aone IP za kweli. Ninavyowajua watu, ameuliza laptopu aliyoikalia tu.

#12 Mzabibu_Mkavu

Ni kweli niliuliza laptopu moja. Nimerudi nimeuliza zote sasa hivi wakati mtandao ni mzima: 0x3, 0x3, 0x3, 0x3. Umeme ukikatika tena nitauliza zote.

hwclock: deskitopu A iko sawa. Deskitopu B, baada ya kuchomoa umeme, imeamka na tarehe 1 Januari ya mwaka wa zamani kabisa. Saa_ya_Ukutani shikamoo.

#13 FundiRaundi

Deskitopu moja mbovu ni kura moja pungufu. Zinabaki tatu, na tatu ndiyo akidi. Kwa hiyo saa peke yake haielezi kuganda. Ingeeleza mwendo wa kusuasua: kila zamu ya B kupendekeza ikifika, sekunde 4 zinapotea ndipo raundi inahama.

#14 Saa_ya_Ukutani

Na raundi peke yake haielezi siku ambazo haiamki kabisa. Kwa hesabu yako mwenyewe lazima ifike wakati zikutane.

#15 FundiRaundi

Lazima zikutane kama zote nne ziko macho. Ondoa B mwenye saa mbovu, sasa unahitaji A na laptopu zote mbili kwenye raundi moja, kwa wakati mmoja. Hapo hakuna wa ziada.

#16 BintiKondoa

Kabla hamjafunga ndoa hizo nadharia mbili, laptopu zinalala? Ubuntu ya eneokazi ikiwa kwa betri inajilaza yenyewe ikikaa bila kuguswa. Laptopu iliyolala haipandi raundi, kwa hiyo hesabu ya #3 inavunjika. Java inahesabu muda kwa saa ambayo haihesabu usingizi: laptopu iliyolala ikiwa imebakiza sekunde 900 za raundi, ikiamka inaendelea kusubiri zile zile 900. Moja ikilala, nyingine ikabaki macho, mna nodi nne kwenye raundi tatu tofauti.

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Na HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf kama mnafunga mifuniko.

#17 Jirani_wa_Ihumwa

Ukurasa mzima na bado hakuna bloku. Anvil ingekuwa imeshatoa mia.

Sikilizeni, nasema kwa uzito sasa. Kazi ya kuandika mkataba wa stakabadhi haihitaji akidi. Inahitaji mambo manne: bloku za haraka, kurudisha hali nyuma, kusogeza muda mbele, na hali isiyopotea ukizima. Hii hapa:

```
anvil --block-time 2 --state hali.json
cast rpc evm_snapshot
cast rpc evm_increaseTime 7776000
cast rpc evm_mine
```

Hiyo 7776000 ni siku 90 kwa sekunde. Stakabadhi inayoisha baada ya miezi mitatu unaijaribu kabla chai haijapoa. Kwenye Besu yenu mtasubiri miezi mitatu kweli. `--state` inahifadhi ukizima na kusoma ukiwasha, ila zima kwa Ctrl+C. Umeme ukikatika ghafla yaliyofanyika baada ya kuhifadhi mara ya mwisho yamekwenda.

#18 mwanachuo_CIVE

Na Ganache je? Darasani ndiyo tunaelekezwa.

#19 BintiKondoa

Ganache na Truffle (zana za zamani za kujaribu mikataba) zilitangaziwa mwisho Septemba 2023, hifadhi ya msimbo ikafungwa Desemba mwaka huo huo. Bado inawaka, ila haijui mabadiliko ya EVM (injini inayoendesha mikataba) yaliyofuata. Vivyo hivyo mafunzo ya zamani ya `geth` (programu nyingine ya nodi za Ethereum) na Clique: kuanzia Geth 1.14, ya mwaka 2024, mitandao ya namna hiyo haishikiki tena. Ukifuata mwongozo wa zamani na Geth mpya utaumia bure. Ukitaka Geth ya haraka ni `geth --dev`, nodi moja, chainId 1337, ukiongeza `--dev.period 2` inatoa bloku kila sekunde 2.

#20 Chamwino_Kernel

@Jirani_wa_Ihumwa anvil inawadanganya vijana sehemu moja. Bila --block-time kila muamala unapata bloku yake papo hapo. Mtu anaandika programu ambayo haijui kusubiri, inapita majaribio yote, akiipeleka kwenye mtandao wa bloku za sekunde 2, skrini inaonesha "stakabadhi haipo" kwa sababu imesoma kabla bloku haijaingia. Angalau umewapa --block-time, hapo nakupa heko.

Nodi nne zina faida yake: ndiyo njia pekee ya kukutana na hiki kinachojadiliwa hapa kabla mtu wa ghala hajakutana nacho.

#21 mkulima_wa_bando

Si waziweke zote nne kwenye mashine moja kwa Docker, kila moja kwenye kontena lake? Umeme ukizima zinazima zote, zinawaka zote raundi 0, tatizo limekwisha.

#22 FundiRaundi

Linakwisha kwa kufichwa. Mashine moja ina saa moja, kwa hiyo hitilafu ya #6 hutaiona kamwe. Lakini kwa kuiga hitilafu ya raundi ni nzuri kuliko kusubiri umeme ukatike: `docker pause` kontena mbili, subiri dakika 20, `docker unpause`, angalia inachukua muda gani kuamka. Poti za P2P 30303 hadi 30306, za RPC (za kuiuliza nodi) 8545 hadi 8548, na kila nodi -Xmx1g. Kwenye GB 8 zinaingia, ila usifungue kivinjari chenye vichupo arobaini.

Onyo: ukiandika `8545:8545` kwenye Docker, poti inakuwa wazi kwa kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo, na ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) haikusaidii kwa sababu Docker inaandika kanuni zake za iptables. Andika `127.0.0.1:8545:8545`.

#23 mwanachuo_CIVE

Samahani kuingilia. Nimefuata mfano wa QBFT wenye berlinBlock: 0. Mkataba unakubali kwenye anvil, kwenye Besu unagoma na "invalid opcode". Lugha ni Solidity 0.8.24.

#24 BintiKondoa

Hiyo ni PUSH0, amri ya EVM. Berlin, London na Shanghai ni matoleo ya EVM. Kuanzia Solidity 0.8.20 mkusanyaji (anayegeuza Solidity kuwa msimbo wa EVM) anatoa msimbo wa Shanghai au wa toleo la baadaye kama hukumwambia vingine, na PUSH0 imekuja na Shanghai. genesis yako imeishia Berlin, EVM haiijui amri hiyo. Chagua moja: kwenye mipangilio ya mkusanyaji weka evmVersion: "berlin", au ongeza londonBlock: 0 na shanghaiTime: 0 kwenye genesis na kuanza mnyororo upya. Ya pili ukiifanya, kuna baseFee (ada ya msingi ya muamala) sasa, weka na zeroBaseFee: true kama hutaki kushughulika na gesi. genesis ikibadilika, folda za database za nodi zote zifutwe, lakini faili la `key` usiliguse. Ukilifuta hilo, anwani ya mthibitishaji inabadilika na nodi si mthibitishaji tena.

#25 mwanachuo_CIVE

Imepita kwa evmVersion. Asante dada.

Na simu? Programu ya Android haioni mtandao, nimeandika 127.0.0.1:8545.

#26 Chamwino_Kernel

127.0.0.1 ndani ya simu ni simu yenyewe. Simu halisi kwa waya wa USB: `adb reverse tcp:8545 tcp:8545`, kisha anwani yako itafanya kazi. Kwenye simu ya kuigiza tumia 10.0.2.2. Kuanzia Android 9, http isiyo na s imezuiwa, weka usesCleartextTraffic="true" kwenye toleo la majaribio tu. Ukiita Besu kwa jina la mashine nyingine ukapata "Host not authorized", hiyo ni --host-allowlist, kwa kawaida inaruhusu localhost peke yake.

#27 Mzabibu_Mkavu

Uzi umehama kabisa lakini nachota 😄

Swali la pembeni: bando. Mashine mpya kila mara inashusha kila kitu upya, na Hardhat bila intaneti inagoma na HH502.

#28 BintiKondoa

HH502 ni Hardhat ya 2 kushindwa kushusha orodha ya wakusanyaji wa Solidity. Nakili folda ya ~/.cache/hardhat-nodejs kutoka mashine iliyokwisha kushusha, weka kwenye flashi, ibandike mahali pale pale. Imeji za Docker: `docker save -o besu.tar hyperledger/besu`, kule kwingine `docker load -i besu.tar`. Vifurushi vya npm: nakili na ~/.npm, halafu `npm ci --prefer-offline`. Mmoja anashusha, wengine wanagawana.

#29 Msomi_wa_Mtumba

Mimi nauliza kingine. Stakabadhi za ghala zina wahusika wanaofahamika: mwendesha ghala, chama cha ushirika, benki, mnunuzi. Kwa nini si Fabric (blokucheni ya mashirika yanayofahamiana)? `./network.sh up createChannel -ca` na una mashirika mawili.

#30 FundiRaundi

Ni chaguo halali, hasa mkitaka benki isione bei za chama kingine. Lakini jiandaeni na vyeti, chaneli na imeji nzito, na `./network.sh down` inafuta kila kitu, pamoja na daftari. Watu wa Solidity wakihamia huko wanaanza lugha upya.

#31 Msomi_wa_Mtumba

Sawa. Ila jambo moja nisisitize: msiweke namba za NIDA za wakulima kwenye mnyororo, hata wa majaribio, hata kwa hashi. Namba ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Anayemjua mtu, nane anazo mkononi, zilizobaki anazikisia kwa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na mnyororo haufuti. Weka kitambulisho cha kubahatisha kwenye mnyororo, taarifa za mtu kwenye hifadhidata ya kawaida.

#32 Jirani_wa_Ihumwa

Huyu kasema la maana kuliko wote. Na zile funguo za siri za anvil na Hardhat ziko hadharani, dunia nzima inazo. Mtu asije akatuma ETH halisi kwenye anwani inayoanza 0xf39F, kuna programu zinazoilinda usiku na mchana kwa ajili ya kukomba.

#33 Mzabibu_Mkavu

Wakuu, umeme umekatika na kurudi. Nimeuliza zote nne kabla ya kuzima:

peerCount: 0x3 kwenye A na laptopu zote mbili, 0x2 kwenye B.
Saa ya B: ilikuwa ya zamani, ikanyooka ruta ilipopata intaneti. Mtandao ukabaki umeganda hata baada ya saa kunyooka.
Laptopu ya pili ilikuwa imelala. Nilisahau kuweka ile amri ya #16 kwake.

#34 Saa_ya_Ukutani

Saa ya B mbovu, kama nilivyosema.

#35 FundiRaundi

Saa imenyooka na bado imeganda, kama nilivyosema.

#36 Chamwino_Kernel

0x2 kwenye B. Nani hamuoni? Na huyo asiyeonwa, mbona yeye anahesabu watatu? Hakuna anayejali?

#37 BintiKondoa

Laptopu ilikuwa imelala. Sina la kuongeza.

#38 FundiRaundi

@Mzabibu_Mkavu usiwashe upya! Ukiwasha upya raundi zinarudi 0 na ushahidi unapotea. Kama umewasha Besu na ADMIN kwenye --rpc-http-api, pandisha logi bila kuzima:

```
curl -X POST -H "Content-Type: application/json" \
--data '{"jsonrpc":"2.0","method":"admin_changeLogLevel","params":["DEBUG"],"id":1}' \
http://127.0.0.1:8545
```

Fanya kwenye zote nne, kisha chuja logi kwa neno round. Ongeza na `qbft_getSignerMetrics` uone nani alipendekeza bloku ya mwisho. Weka hapa namba ya raundi ya kila nodi na muda wake.

#39 Mzabibu_Mkavu

ADMIN haipo kwenye zile laptopu, ipo kwenye deskitopu tu. A iko raundi ya 6, B raundi ya 4. Laptopu siwezi kujua bila kuzima.

#40 Saa_ya_Ukutani

A na B mashine pacha, zimewaka pamoja, mbona zinapishana raundi mbili? B ilikuwa inafanya nini muda huo wote kama si kusubiri saa?

#41 Chamwino_Kernel

Au kusubiri IP.

#42 FundiRaundi

Ongeza ADMIN na QBFT kwenye laptopu leo, weka chrony (programu ya kulinganisha saa) kwenye A iwe mama wa saa (`local stratum 10` na `allow` ya mtandao wenu, wengine `server` IP ya A pamoja na `makestep 1 3`), Besu kwenye systemd isubiri time-sync.target, na washa chrony-wait.service ili isubiri kweli. Betri ya B usiibadilishe kwanza. Tukiondoa kila kitu kwa pamoja hatutajua kilichokuwa kinaua ni kipi.

#43 Jirani_wa_Ihumwa

Au nunueni UPS ya ruta.